Kuandaa mkesha wa Krismasi ambao usharika mzima unaimba: mwongozo kamili

Usiku wa tarehe 24 Desemba kanisa la kijijini hujaa kuliko usiku mwingine wowote wa mwaka. Kwenye sharika za Kilimanjaro, ambako ndugu hupanda mabasi kutoka Dar es Salaam na kwingineko kuja kula sikukuu nyumbani, mabenchi huongezwa mpaka nje chini ya turubai. Sauti zipo, za kila umri. Lakini mara nyingi watu hao hukaa saa tatu wakitazama kwaya moja ikishuka na nyingine ikipanda, kisha wanarudi nyumbani wakiwa wameimba nyimbo mbili tu: wa kuingilia na wa sadaka.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa kwaya, mwinjilisti au mzee wa kanisa aliyekabidhiwa mkesha. Nimeujenga juu ya utaratibu wa Kilutheri. Mwanglikana, Mmoraviani au Mkatoliki atafuata mpangilio wa liturjia yake, ila kazi ya maandalizi haitofautiani sana. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: usiku huo kwaya ni mtumishi wa sauti ya usharika. Mengine yote hapa chini yanatoka hapo.

Novemba: kaeni kikao kimoja, mmalize

Majilio, kipindi cha kuingoja Krismasi, huanza Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Kikao cha mkesha kifanyike kabla ya hapo. Waitwe mchungaji, mwinjilisti, walimu wa kwaya zote, mwalimu wa shule ya Jumapili, kiongozi wa matarumbeta kama mnayo, na fundi mitambo. Huyu wa mwisho husahaulika kila mwaka, halafu ndiye anayelaumiwa maiki ikianza kupiga mluzi.

Anzeni na masomo, nyimbo zifuate. Mkianza na nyimbo, kila mwalimu atakuja na ule alioupenda, na Neno litabanwa katikati ya maonyesho. Masomo ya mkesha hayahitaji ubunifu: Isaya 9:2-7, Zaburi 96, Tito 2:11-14 na Luka 2:1-20 yanatosha kabisa.

Kisha fanyeni hesabu mbele ya wote, ubaoni. Kwaya nne, kila moja nyimbo mbili, kila wimbo dakika sita: dakika 48. Ongezeni dakika tatu za kila kwaya kupanda, kupanga mistari, kusalimu na kushuka. Saa nzima imekwisha na mchungaji bado hajafungua Biblia. Watoto wamelala, na bibi aliyetembea na fimbo kutoka ng'ambo ya korongo ameanza kuangalia mlango.

Kwa hiyo mkesha uwe na wimbo mmoja kwa kila kwaya. Manung'uniko yatakuwepo, tena yana haki yake: watu wameshona sare, wamefanya mazoezi tangu Septemba. Ule wimbo wa pili upewe nafasi asubuhi ya tarehe 25, au Sikukuu ya Pili tarehe 26, au Jumapili inayofuata. Andikeni kwenye daftari la kikao nani anaimba nini na siku gani, na walimu wote watie sahihi. Makubaliano ya mdomo hayafiki tarehe 24.

Tumieni nyimbo nne za Luka kuwa nguzo za ibada

Wengi hutafuta mada ya Krismasi kila mwaka, wakati Luka mwenyewe ameshapanga ibada. Sura zake mbili za kwanza zina nyimbo nne, na kila moja ina mwimbaji wake na hali yake. Ukizifuata, sifa zinapata safari: zinaanzia chini, zinapanda, zinashuka kwa utulivu.

Wa kwanza ni wa Mariamu, Luka 1:46-55: "Moyo wangu wamwadhimisha Bwana." Mwimbaji ni binti wa kijijini aliyekwenda milimani kumsalimu jamaa yake Elisabeti. Anaanza na nafsi yake, na kabla hajamaliza amefika kwenye wakuu walioangushwa na wenye njaa walioshibishwa. Wapeni kwaya ya akina mama. Msiugeuze kuwa wimbo wa kubembeleza mtoto, kwa sababu una nguvu na unahitaji mwendo. Kama hamna mpangilio wa muziki, mama mmoja asome mstari na wenzake wajibu kwa kiitikio kifupi mnachokijua.

Wa pili ni wa Zakaria, 1:68-79. Mzee huyu alikuwa bubu tangu malaika alipomwambia habari za mtoto, na kinywa kilipofunguka neno lake la kwanza lilikuwa la kumhimidi Mungu. Hapa inafaa kwaya kuu, na kama mna wazee wa kiume wenye besi ya kweli, waanze wao peke yao beti ya kwanza, kinanda kikinyamaza. Sekunde chache za ukimya kabla yao zitafanya kazi kuliko utangulizi wowote wa kinanda.

Wa tatu ni wa malaika, 2:14, mfupi kuliko yote: "Atukuzwe Mungu juu mbinguni, na duniani iwe amani kwa watu aliowaridhia." Huu usipewe kwaya. Ni wa kanisa zima, na nitaurudia chini, kwa sababu ndiyo kilele cha usiku.

Wa nne ni wa Simeoni, 2:29-32, aliyempakata mtoto hekaluni akaomba aruhusiwe kwenda kwa amani. Kwa kalenda tukio lake ni la baadaye, mtoto alipopelekwa hekaluni, lakini maneno yake yanafaa sana kufunga ibada ya usiku. Makanisa mengi yameyatumia katika sala za usiku kwa karne nyingi. Kwaya ya nne iuimbe pole pole mwishoni, kabla ya baraka.

Wachungaji wa kondoo nao msiwaache. Luka 2:20 inasema walirudi huku wakimtukuza Mungu na kumsifu. Wale walikuwa watu wa zamu ya usiku, na kesho yake kondoo walikuwa palepale wakiwasubiri. Mhubiri akitaka pa kuanzia, hapo pana mahubiri ya dakika kumi na tano bila jasho.

Nyimbo za usharika: zinazojulikana, na ufunguo wa chini

Chagueni nyimbo sita hadi nane za kitabuni ambazo mtu aliyeondoka kijijini miaka ishirini iliyopita bado anazijua kwa moyo. Mgeni wa Desemba hawezi kujifunza wimbo mpya saa mbili usiku, lakini ule aliofundishwa na bibi yake ataushika kwa beti zote. Wimbo mpya, kama lazima uwepo, uwe mmoja, na usharika uanze kuimba kiitikio chake tangu Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Sasa ufunguo, yaani kiwango cha juu au cha chini ambacho wimbo unaimbwa. Vitabu vyenye nota mara nyingi vimeandikwa kwa kwaya, na soprano anapanda hadi E au F ya juu bila shida. Mzee wa benchi la nyuma hapandi huko. Akifika kwenye noti ile ananyamaza, na akinyamaza mara mbili harudi tena. Angalieni noti ya juu kabisa ya kila wimbo: ikizidi D, shusheni ufunguo nusu hatua au hatua nzima. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha ufunguo, kwa hiyo mpiga kinanda hana kisingizio. Matarumbeta yana maoni yake: yanapenda F, B-flati na E-flati, wakati gitaa linapenda G na D. Malizeni ubishi huo kwenye mazoezi, na kila mtu aandike ufunguo uliokubaliwa juu ya karatasi yake. Nimeshuhudia matarumbeta yakiingia kwa F na kinanda kwa G mbele ya kanisa lililojaa. Hakuna sala inayookoa hali ile.

Beti msizikate ovyo. Nyimbo nyingi za Krismasi ni masimulizi: beti ya kwanza malaika, ya pili wachungaji, ya tatu sisi. Ukiimba ya kwanza na ya mwisho unaruka hadithi. Afadhali nyimbo chache zenye beti zote.

Chapeni karatasi za maneno kwa herufi kubwa. Vitabu vitakuwa vichache kuliko watu, na wazee hawataki kusoma kwenye simu. Projekta ni nzuri umeme ukiwepo. Karatasi haihitaji umeme.

Mazoezi ndani ya Majilio

Wiki ya kwanza, msiimbe. Kaeni na maneno. Mwanakwaya mmoja asome beti kwa sauti kana kwamba anampa jirani habari, wengine waseme wamesikia nini. Kwaya nyingi huimba "mwana wa pekee" na "hori" miaka kumi bila kusimama kujiuliza hori ni nini. Ni chombo cha kulishia ng'ombe, na kila mtu kijijini amekiona, tena anajua harufu yake. Mwanakwaya akishaiona picha hiyo, uso wake hubadilika wenyewe, na hutahitaji kumwambia atabasamu.

Wiki ya pili, gawanyeni sauti: soprano, alto, tena, besi, kila moja pembeni na kiongozi wake, kwa do-re-mi. Wiki ya tatu unganisheni, na hapo mwalimu asikilize mambo mawili tu. La kwanza ni pumzi: wekeni alama mahali pa kupumua, na pawe mwisho wa wazo, si popote kifua kinapoishiwa. La pili ni mkazo wa maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali tuni nyingi tulizopokea kutoka Ulaya huangusha pigo zito kwenye silabi ya mwisho. Neno "Bwana" linatoka "bwa-NAA" na maana inayeyuka. Huwezi kubadilisha tuni, lakini unaweza kuifundisha kwaya iguse silabi ile ya mwisho kwa wepesi, kama mtu anayeweka kikombe mezani usiku watoto wakiwa wamelala.

Wiki ya nne ni ya kusimama kanisani kwenyewe, na mitambo, na matarumbeta. Pimeni mwendo, kwa sababu ngoma na furaha huongeza kasi, na wimbo ulioanza kwa kutembea humalizika kwa kukimbia. Mpiga ngoma akae mahali anapomwona mwalimu.

Na jambo ambalo halimo kwenye nota: anzeni kila zoezi kwa sala fupi na Zaburi, na mtu mwenye ugomvi na mwenzake apewe nafasi ya kuusema kabla ya mkesha. Kwaya yenye makundi mawili yasiyosalimiana inaweza kuimba sauti safi kabisa, na usharika ukajua.

Watoto waje mapema, wasome Luka

Igizo la watoto lisizidi dakika kumi na tano, na liwe ndani ya saa ya kwanza. Maneno yatoke Luka 2 moja kwa moja: msomaji mmoja mwenye sauti nzuri, watoto wengine wanatenda. Hivyo hakuna anayesahau mistari na hakuna anayelia jukwaani. Mavazi ni kanga, vitenge na shuka, fimbo za kuchungia zipo kila nyumba. Mamajusi, kwa kuwa ni wa Mathayo 2 na walikuja kwenye nyumba baada ya mtoto kuzaliwa, waacheni hadi Epifania tarehe 6 Januari. Watoto watapata igizo la pili, na mwalimu wa shule ya Jumapili atakushukuru au atakuchukia, inategemea.

Ngonjera nazo ziwe fupi. Mtoto wa miaka mitano anayekariri mstari mmoja wa Isaya 9:6 mpaka "Mfalme wa amani" anatosha kulifanya kanisa zima lisimame.

Umeme, maiki, mishumaa

Pangeni kana kwamba umeme utakatika. Jenereta ijaribiwe tarehe 23, mafuta yawepo, na mtu mmoja mwenye jina ajulikane kuwa ndiye wa kuiwasha. Iwekwe mbali na madirisha, kwa sababu ya moshi kwanza na kelele baadaye.

Maiki tatu zinatosha: ya msomaji, ya kiongozi wa nyimbo na ya watoto. Kosa la kawaida ni kiongozi wa nyimbo kuendelea kuimba kwenye maiki usharika ukishaingia. Spika zinamjaza yeye masikioni mwa watu, nao wanaacha kuimba bila kujua kwa nini. Aanzishe mstari, kisha aisogeze maiki pembeni. Mwambieni fundi mitambo kwamba beti ya mwisho ya nyimbo mbili atazima kila kitu, kinanda pia. Watu watajisikia wenyewe, na hapo ndipo machozi huanza. Anayeona kwamba wimbo bila mitambo mikubwa ni udhaifu akumbuke kuwa "Usiku Mtakatifu" uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa 1818, na Joseph Mohr, kasisi, pamoja na Franz Xaver Gruber, aliyetunga tuni yake, wakiwa na gitaa.

Mishumaa ishikwe na watu wazima, kila mmoja ukiwa na kipande cha karatasi ngumu chini ya kuzuia nta. Wakati wa kupokezana moto, mshumaa unaowaka husimama wima, usiowaka ndio unaoinamishwa. Ndoo mbili za mchanga ziwe milangoni, na watoto waliovaa mabawa ya malaika wakae mbali na moto.

Usiku wenyewe

Saa 12:45 jioni matarumbeta yapige nje, kwenye ngazi za kanisa. Wazee wa kanisa wawapokee watu na karatasi za nyimbo. Matangazo yote yasomwe sasa, kabla ya ibada, na majina ya familia zilizorudi nyumbani yasisomwe moja moja. Salamu moja kwa wote inatosha.

Saa 1:00 taa zizimwe, uwepo mshumaa mmoja. Mtoto mmoja aimbe beti ya kwanza ya wimbo wa kuingilia bila ala, kisha taa na usharika vije pamoja kwenye beti ya pili. Salamu, sala, Isaya 9, wimbo wa usharika. Mariamu na akina mama. Zakaria na kwaya kuu. Hapo ni kama saa 1:30, watoto bado macho, na igizo linaanza.

Msomaji akifika Luka 2:14, asiendelee. Kengele zipigwe, taa zote ziwake, matarumbeta yaingie, na kanisa lote lisimame kuimba Utukufu, ule wimbo wa liturjia unaoanza kwa maneno hayo ya malaika. Katika makanisa mengi Utukufu hauimbwi kipindi cha Majilio. Kama kwenu mnauimba, zungumzeni na mchungaji muufungie wiki hizo nne, ili kinywa kiwe na njaa nao. Fuatisheni mara moja wimbo mwingine wa usharika, watu wangali wamesimama. Vigelegele vikija msivizuie. Mtu akitaka kuinua mikono au kucheza kwenye njia ya katikati, mwacheni. Mzee wa kanisa hana sababu ya kukunja uso.

Baada ya hapo someni Luka 2:15-20, mhubiri apande. Dakika kumi na tano. Akishuka, pawe na kimya cha dakika nzima kwa kutazama saa, kwa kuwa Mariamu naye aliyaweka maneno hayo moyoni. Wimbo wa kwaya ya vijana uje baada ya kimya hicho. Sadaka itolewe usharika ukiimba, na mnada wa ndizi na mayai yaliyoletwa kuwa sadaka uwekwe kesho. Maombi, wimbo wa Simeoni, baraka, na wimbo wa mwisho wa mishumaa. Mkifuata mwendo huu mtatoka kabla ya saa 3:00.

Waliokuja na msiba

Ndani ya kanisa kutakuwa na mjane wa mwezi uliopita na mama aliyezika mtoto mwaka huu. Ibada yenye shangwe tupu huwafukuza. Katika maombi, watajeni waliofiwa, wagonjwa, madereva walio barabarani, wauguzi walio zamu, bila kuharakisha. Wimbo mmoja kati ya nyimbo zenu uwe wa utulivu. Nyimbo za Mariamu na Simeoni zenyewe hazikwepi maumivu: mara tu baada ya wimbo wake, Simeoni anamwambia Mariamu habari za upanga utakaomwingia moyoni. Mhubiri asiogope mstari huo.

Tarehe 25 na 26

Ibada ya asubuhi ya Krismasi iwe na mwanga wake: Zaburi 98 na Yohana 1:1-14, kwaya zikimalizia nyimbo zao za pili, na mnada.

Mchana huo au Sikukuu ya Pili, gawanyeni kwaya katika vikundi vya watu watano kwenda kwa wazee na wagonjwa wasiofika kanisani. Kila kikundi kiwe na gitaa moja au kisiwe na ala kabisa. Pigeni hodi, ulizeni kama mgonjwa yuko tayari kupokea wageni. Someni Luka 2:1-14, mwimbe nyimbo mbili kwa sauti ya chumbani, kisha mwulizeni mwenyewe anataka upi. Akianza kuimba, mfuateni kwa mwendo wake hata kama ni wa pole mno, na kwa ufunguo wake hata kama si wa kitabuni. Kama mchungaji yupo, atampa Meza ya Bwana. Chai mkikaribishwa, nyweni, ila nusu saa ikipita ageni, nyumba nyingine inawasubiri.